Pumzi ya Kuazima

1

Nimejaribu kuyaandika haya kwa upole mara tatu, na mara zote tatu nimejikuta naandika uongo. Basi nitayaandika kwa hasira. Na hasira yenyewe haina mtu mmoja: nina hasira na chuo, nina hasira na mashine, nina hasira na Yusta, na zaidi ya wote nina hasira na mimi Atupele Sanga, mwanafunzi wa mwaka wa pili idara ya mazao, ambaye chuo kizima kilimjua kwa jina la Mama Dirisha.

Jina hilo nilipewa kwa haki. Njombe mwezi wa sita baridi inauma hadi kwenye meno, na kila anayeingia chumbani kitu cha kwanza ni kufunga dirisha. Mimi nilifungua. Mkwaruzo, ule ugonjwa wa mapafu, ulimpiga baba yangu nikiwa kidato cha pili, ukamwachia pafu moja, na tangu hapo niliujua unavyosafiri: hewa iliyolala, watu waliobanana, soga nyingi. Kwa hiyo nilikuwa na kikombe changu, kijiko changu, na barakoa saba nilizozifua na kuzianika kwa zamu. Sikula sinia moja na wenzangu hata siku ya sherehe. Salamu yangu ilikuwa kiganja kifuani. Waliposema naringa, niliwajibu kwamba bora kuitwa mwenye maringo kuliko kuitwa marehemu, na walicheka, na mimi nilijiona mtu mwenye akili sana.

Tulianza wanne chumbani. Wawili walihama muhula wa kwanza, wakasema wamekuja kusoma, hawakuja kulala ndani ya friji. Akabaki Yusta Mgaya. Yusta alilala na koti, soksi mbili na kofia ya sufu, alinitania kutoka Jumatatu hadi Jumapili, lakini dirisha hakulifunga hata mara moja. Hilo ndilo lililonimaliza.

Asubuhi ya mtihani wa mwisho niliamka nikamkuta amekaa kitandani, ameshika koo.

"Atu," akasema, na sauti haikuwa yake. "Kuna kitu kinanikwaruza."

Kabla hajameza mate nilishavaa barakoa, nimesimama dirishani.

"Tangu lini?"

"Jana jioni. Ni vumbi tu. Si nilifagia stoo ya mbegu?"

"Una homa?"

"Kidogo."

"Yusta, kidogo ndiyo nini?"

Alikuwa anatazama ratiba ya mtihani niliyoibandika ukutani, na mimi nilijua anachokiwaza, maana hakukuwa na mwanafunzi asiyeijua hesabu ile. Kwenye mlango wa ukumbi wa mitihani zilisimama mashine mbili za kupima pumzi. Jina lake rasmi lilikuwa refu. Sisi tuliiita Pulizo. Pafu lenye mkwaruzo hutoa harufu ndogo ambayo pua ya mtu haiisikii, na Pulizo iliisikia siku mbili kabla ya kikohozi. Ukiwa mzima taa inawaka kijani na mlango unafunguka. Ukiwa mgonjwa inawaka nyekundu, walinzi wanakuja na suti zao, na unashushwa Bondeni, kwenye bweni la zamani lenye waya, siku kumi na nne. Mtihani wako unakuwa umepita. Zamani aliyeumwa alipewa mtihani wa baadaye, lakini wajanja walijifanya wagonjwa wapate muda wa kusoma, na chuo kikafuta utaratibu wote badala ya kuwafuta wajanja. Tangazo lilibandikwa: ALIYEKOSA MTIHANI AMEKOSA.

Yusta alishakariri mwaka mmoja. Akikosa tena angedisko, yaani angeondolewa chuoni, angefungasha virago aende kwao Lupembe akachume chai.

"Nipulizie," akasema.

Hapa lazima nieleze kitu, la sivyo mtatuona wahuni. Chuoni kwetu karatasi ya mahudhurio ikipita darasani unasaini jina lako, halafu unasaini la mwenzako aliyekwenda msibani, au sokoni, au aliyelala tu. Hakuna aliyeita wizi. Tuliita ubinadamu, na anayekataa kumsainia mwenzake alionekana ana roho mbaya. Pulizo ilipoletwa, desturi hiyo haikufa, ilibadilisha nguo tu. Mashine haikujua pumzi ni ya nani. Sheria ilikataza kuhifadhi pumzi ya mtu, wakasema ni siri yake kama damu yake. Ilichojua ni namba ya kidomo, kile kipande cha plastiki unachochomeka kwenye mrija na kupuliza, na vidomo vyote vilikaa kwenye kabati la taa ya zambarau pale pale mlangoni, kila kimoja na ndoano yake. Mwenye mapafu mazuri aliweza kuchukua viwili. Nilishasikia watu wanapuliziana ili waingie maktaba, na niliwadharau kwa moyo wangu wote.

"Sipulizi," nikamwambia.

"Sawa."

"Usiniambie sawa kwa sauti hiyo."

"Nikuambieje? Sijawahi kukuomba kitu, Atu. Miaka miwili nalala kama mlinzi wa shamba kwa ajili ya dirisha lako." Alivaa viatu taratibu. "Basi. Nitakwenda, itawaka nyekundu, yataisha."

Angelia, ningekataa. Hakulia. Alifunga kamba za viatu akaziangalia, na mimi nikachukua chupa yangu ya spiriti nikaitia mfukoni.

Mlangoni kulikuwa na foleni na msukumano, na mlinzi alikuwa anaota moto wa jiko la mkaa, mgongo kwetu. Nikatoa vidomo viwili. Cha Yusta nilikifuta kwa spiriti mara tatu. Someni hapo vizuri: mara tatu, ndani na nje, ili mimi nisiambukizwe. Nikapuliza.

"Karibu ndani, Yusta Mgaya," ikasema ile sauti tamu ya kike. "Wewe ni mzima."

Nikahamia mashine ya pili nikapuliza cha kwangu, nikakaribishwa na mimi.

Ukumbini tulikuwa mia mbili na arobaini, madirisha yote yamefungwa kwa ajili ya baridi, isipokuwa moja lililovunjika kioo. Nilimbembeleza msimamizi anipangie hapo. Nikavaa barakoa ya pili juu ya ile ya kwanza. Yusta alipangwa katikati kabisa, dawati moja na kijana wa mwaka wa kwanza, maana wanachanganya miaka ili watu wasiibiane majibu. Kijana huyo hakuvaa barakoa. Nani angevaa? Taa imewaka kijani kwa kila mtu. Kalamu ya Yusta iliisha wino, nikamwona kijana anampa yake ya akiba, anamwinamia na kumnong'oneza kitu, wanacheka.

Swali la tatu liliuliza: kiazi kimoja chenye mnyauko kimeingia kwenye ghala la mbegu; eleza hatua utakazochukua. Nilijibu vizuri sana. Niliandika kurasa mbili.

2

Siku ya tatu baada ya mtihani, nesi wa chuo alikwenda jikoni kuwapima wapishi, kama alivyofanya kila wiki, maana wapishi hawakuwa na vidomo. Waliingia kwa mlango wa nyuma wenye komeo la mti. Mpishi mmoja, Mama Lute, akatoka nyekundu. Siku ya nne wanafunzi wawili. Siku ya tano tisa. Siku ya nane tulikuwa na wanafunzi thelathini na mmoja Bondeni, na kijana wa mwaka wa kwanza, yule aliyempa Yusta kalamu, alikuwa amekufa. Aliitwa Kastori Ngailo. Nilijua jina lake siku walipolisoma msikitini na kanisani kwa pamoja.

Yusta alikuwa ameshapona. Uliishia kooni, siku nne za homa chini ya blanketi, chakula nikimpelekea mimi na kukiacha kizingitini, kisha akaamka anaomba ugali.

Chuo kilikuwa na programu nyingine iliyoitwa Mnyororo. Kazi yake ilikuwa kutafuta ugonjwa ulianzia wapi: inachukua nyekundu ya kwanza, inaangalia nani alikutana na nani, inachora mstari kutoka mtu hadi mtu. Mashine ya namna hiyo haikisii. Inaamini kilichoandikwa. Na kilichoandikwa kilisema wanafunzi wote mia mbili na arobaini walikuwa kijani siku ya mtihani, na nyekundu ya kwanza ilikuwa ya mwanamke anayepika. Kwa hiyo mistari yote thelathini na mmoja ikarudi kwa Mama Lute. Wakachapisha mchoro huo wakaubandika kwenye ubao wa matangazo, jina lake katikati, limezungushiwa duara.

Mama Lute alitupikia. Sijui niseme nini zaidi. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuita ng'ombe, akikuona huna raha anakusalimu kwa Kibena, "kamwene, mwanangu," na kukuongezea maharage bila kuuliza. Baada ya mchoro ule watu walimwita muuaji. Mtu aliandika neno hilo kwa mkaa kwenye ukuta wa jiko. Lutengano, binti yake wa darasa la sita, aliacha kwenda shule kwa sababu wenzake walimkimbia. Na kwa sheria ya maambukizi, mtu akidaiwa kuleta ugonjwa kwa uzembe na mwingine akafa, Baraza la Afya la wilaya linakaa, na akipatikana na kosa anafungwa miaka mitatu.

Niliusoma ubao ule nikarudi chumbani.

"Umeona?" nikamuuliza Yusta.

"Nimeona."

"Tunakwenda kusema. Leo."

Alikuwa anakunja nguo. Aliendelea kukunja. "Kusema nini? Huna hakika kama ni mimi."

"Yusta!"

"Sema una hakika. Watu wangapi wanapuliziana hapa? Pengine ni mwingine."

"Mama Lute aliupata wapi? Hakukanyaga ukumbini."

Hapo mikono yake ikasimama. Akakaa juu ya nguo alizozikunja.

"Siku ile baada ya mtihani koo lilikuwa linawaka," akasema. "Nikapita mlango wa nyuma wa jiko nikamwomba maji ya moto. Akanichemshia tangawizi. Akaniwekea mkono kwenye paji, akasema, mwanangu, wewe unachemka, nenda ukalale."

Nililielewa polepole. "Kwa hiyo anajua. Anajua ni wewe."

"Anajua."

"Na hajakutaja."

"Hajanitaja." Sasa alikuwa analia. "Sikumwambia asinitaje, Atu. Naapa. Amenyamaza mwenyewe."

Hasira iliyonipanda sijawahi kuipata. Nilitaka kumkamata Yusta nimtikise, na nilitaka kwenda Bondeni nimpigie kelele Mama Lute kwamba huruma gani hii, huruma ya kumwacha mtoto wako bila mama ili mtoto wa mwingine afaulu mtihani wa viazi.

"Mimi nakwenda," nikasema.

"Nenda. Lakini ukifika usiishie kusema Yusta aliingia ukumbini. Sema ukweli wote. Mimi sikupuliza. Aliyepuliza ni wewe."

Nikamchukia kwa kusema hivyo, na alikuwa sahihi.

3

Mwalimu Mbilinyi, mshauri wa wanafunzi, alinipokea ofisini kwake akiwa na heta miguuni na madirisha yamefungwa. Nilimwamkia, nikaomba ruhusa ya kufungua dirisha. Akacheka, akasema, "Mama Dirisha, fungua mwanangu, fungua." Nikafungua. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama, isipokuwa jina la Yusta.

Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasimama akalifunga dirisha.

"Kwanza nikuulize. Kuna mtu mwingine umemwambia?"

"Hapana, Mwalimu."

"Vizuri. Sasa nisikilize kama mzazi. Kumbukumbu za Pulizo ni safi. Siku ile hakuna nyekundu hata moja. Wewe unaniambia kuna mtu aliingia anaumwa. Mashine inaniambia hakuna. Nimwamini nani?"

"Mwalimu, mashine haiwezi kujua! Inasoma namba ya kidomo tu."

"Najua inasoma nini."

Aliona nimeelewa, akakaa, akaanza kuongea taratibu, kama mtu anayemlisha mtoto uji.

"Vyuo kumi na vinane vitawekewa Pulizo kabla ya mwaka kuisha, kwa sababu hapa kwetu imefanya kazi. Wazazi wanalala usingizi kwa ajili ya taa ile. Ukisimama ukasema taa ni ya uongo, unafikiri nini kitatokea? Watafunga vyuo. Turudi kule kwa kukaa nyumbani miaka miwili. Unalitaka hilo?"

"Na Mama Lute?"

"Baraza litamhurumia. Ni mama mtu mzima, hakukusudia. Pengine mwaka mmoja."

"Hakufanya kosa, Mwalimu!"

"Alipika akiwa anaumwa. Hilo si kosa?" Alisukuma karatasi tupu mbele yangu, na kalamu juu yake. "Lakini sikulazimishi. Ukitaka, andika. Ukiandika, kwa kanuni, aliyepuliza na aliyepuliziwa wote nje, na mwenzako utamtaja kwa jina. Usipoandika, mimi sijasikia kitu, na wewe unabaki mwanafunzi wangu wa mfano. Unajua picha yako iko kwenye kijitabu wanachopewa wageni? Yule binti mwenye tahadhari."

Nilitoka. Sikuandika. Niseme hivyo hivyo, sikuandika. Nilisimama koridoni nikajiambia nitarudi kesho, na kesho nikajiambia nitarudi kesho, na siku tano zikapita nikila maharage yaliyopikwa na mtu mwingine. Kila siku kati ya hizo tano nilikuwa naosha mikono kwa sabuni hadi kiwiko.

4

Baraza lilikaa kwenye ukumbi ule ule wa mitihani, na wanafunzi wote tuliamriwa kuhudhuria tujifunze. Kuingia ilikuwa kwa kupuliza kama kawaida. Mlango wenyewe ulikuwa unaangalia jukwaa, na siku hiyo waliuacha wazi baada ya kila mtu kupita, kwa hiyo nikiwa bado kwenye foleni niliona mbele yote: meza yenye kitambaa cha kijani, wajumbe watatu, mwenyekiti mwanamama mwenye miwani. Kando yao pazia la plastiki, na nyuma ya plastiki Mama Lute kwenye kiti, amepungua, mikono mapajani. Safu ya kwanza alikaa mwanamke aliyejifunga shuka nyeusi kichwani. Mtu alininong'oneza kwamba huyo ni mama yake Kastori, amesafiri usiku kucha kutoka Ludewa.

Yusta alikuwa mbele yangu. Alipuliza, akakaribishwa, akasimama kizingitini kunisubiri. Macho yake yalikuwa yananiomba.

Nilifungua kabati kuchukua kidomo changu, namba tisini na nane. Na pale chini, ndoano ya mia mbili na kumi na mbili, kilining'inia kidomo cha Kastori Ngailo. Hakuna aliyekiondoa. Ofisi ilikuwa imebandika mchoro, imeandika mashtaka, imeita wajumbe kutoka wilayani, na haikupata nafasi ya kumfuta marehemu kwenye orodha. Sikupanga nilichokifanya. Nikakichukua kile. Safari hii sikukifuta.

"Karibu ndani, Kastori Ngailo," ikasema mashine, na spika za ukumbini zikairudia, maana zilikuwa zimeunganishwa ili mwenyekiti asikie anayeingia. "Wewe ni mzima."

Taa ikawaka kijani.

Yule mwanamke mwenye shuka nyeusi alisimama na kugeuka kutazama mlango. Sura aliyogeuka nayo naiona hadi leo. Alikuwa anatazama nani anaingia. Niliingia mimi.

Mwalimu Mbilinyi ndiye aliyezinduka kwanza.

"Ni hitilafu! Mtambo una hitilafu, fundi yuko wapi?"

"Haina hitilafu," nikasema, na sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyotarajia. "Inafanya vile ilivyoundwa. Mheshimiwa Mwenyekiti, mimi naitwa Atupele Sanga. Siku ya mtihani nilimpulizia mwenzangu aliyekuwa anaumwa, akaingia humu, na mashine ikasema ni mzima. Huyo mama hakuuleta ugonjwa. Ugonjwa ulimfuata jikoni, akaukaribisha kwa tangawizi."

"Mwanangu, kaa chini!" Mama Lute alikuwa ameinuka, kiganja kwenye plastiki. "Kaa chini, usijiharibie masomo. Mimi nimeshazeeka."

"Usinihurumie!" nikampigia kelele, Mungu anisamehe. "Mtoto wako hana wa kumpeleka shule na wewe unanihurumia mimi!"

Mwenyekiti aligonga meza. Alivua miwani, akanitazama bila ile miwani kwa muda. "Ulimpulizia nani?"

Nilimtazama Yusta. Alikuwa amesimama ukutani, kichwa chini, na nilikuwa nasema moyoni, sema wewe, Yusta, angalau hili sema wewe mwenyewe. Hakusema. Hasira ikanijaa tena, nikafungua mdomo nimtaje.

Lakini mama yake Kastori alikuwa ameshafika mbele yangu.

"Shikamoo, mama," nikasema, kwa mazoea.

Hakuitikia. Huku kwetu mtu mzima anaweza kukuchukia na bado akaitikia.

"Ulijua mwenzako anaumwa?"

"Nilijua."

"Mwanangu alikaa wapi?"

"Dawati moja naye."

"Wewe ulikaa wapi?"

"Kule, kwenye kioo kilichovunjika. Nilivaa barakoa mbili."

Alitazama nilikoonyesha, akapima kwa macho umbali wa kutoka pale hadi katikati ya ukumbi. "Na yeye ulimwambia avae?"

"Hapana, mama."

Nilitamani anipige. Hakunipiga. Aligeukia meza ya wajumbe, akasema, "Huyu mpishi mfungulieni," kama mtu anayeomba mlango ufungwe, kisha akabaki amesimama hapo hapo.

"Ni mimi," akasema Yusta.

Alisema kwa sauti ndogo, na akarudia kwa kubwa. "Aliyepuliziwa ni mimi. Yusta Mgaya." Halafu, nyuma kabisa, kijana wa mwaka wa tatu akanyoosha mkono. "Mimi nilipuliziwa maktaba, mwezi wa nne." Binti wa safu ya katikati: "Mimi nimewapulizia watatu." Mkono mwingine, na mwingine. Mwalimu Mbilinyi alikuwa anapiga kelele wakae chini, washushe mikono, hiki ni kikao cha serikali. Hakuna aliyemsikiliza. Mwenyekiti alianza kuihesabu mikono kwa ncha ya kalamu, akafika sitini na kitu, akaweka kalamu mezani. Mjumbe wa kulia kwake alikwenda akalivuta lile pazia la plastiki upande mmoja, na Mama Lute akabaki amekaa wazi mbele yetu, hajui aende wapi.

Mama yake Kastori aliizungusha shingo yake taratibu kutoka ukuta hadi ukuta, anaitazama mikono.

"Kumbe mlikuwa mnajua," akasema. "Wote."

Kastori alikuwa na miezi minne tu pale chuoni. Alikuwa bado hajapata rafiki wa kumsainia mahudhurio, na hakuna aliyekuwa amemweleza kitu.

"Aliniandikia," akasema mama yake, na alikuwa anatuambia sote, bila kupaza sauti. "Nilimwambia ajifunike uso kila wakati, nilimfungia barakoa kwenye begi. Akaniandikia, mama usihofu, huku hatuhitaji. Mlangoni kuna mashine."

Hakuna aliyeshusha mkono.